Majina Mekundu

Mdogo wangu ni fundi redio, mimi mshonaji, na tunagawana chumba kimoja cha mbele: cherehani yangu dirishani, meza yake ukutani, imejaa nyaya na betri zilizokufa. Kila jioni huwa anatengeneza programu ya kompyuta ya zahanati pamoja na wenzake wa kujitolea, watu ambao hajawahi kuonana nao uso kwa uso. Halipwi chochote. Nilimbatiza Bwana Bure, naye akacheka tu.

Programu hiyo inaorodhesha wagonjwa wa kifua kikuu wanaofuata dawa. Asiyefika, jina lake lilikuwa linabaki chini ya orodha kwa rangi nyekundu, nesi akiliona anampigia simu. Mdogo wangu akaona ukurasa umejaa mno, akayahamishia yale majina mekundu ukurasa wa pili. Kazi ya dakika kumi. Kwenye tangazo la mabadiliko linalotumwa kwa zahanati hakuandika neno, eti ni kitu kidogo. Kidogo! Nesi wa zahanati ya mtaa wa pili alifungua kompyuta, hakuona jina jekundu hata moja, akamshukuru Mungu kwamba wagonjwa wake wote wanafika. Ikawa hivyo kwa wiki saba.

Dereva mmoja mstaafu, mgonjwa wa nesi huyo aliyekuwa ameacha dawa, akafariki. Mganga mkuu akamsimamisha nesi kwa uzembe, akampa siku tano ajieleze, la sivyo kazi hana. Na ni mama wa watoto wanne, hana mume. Tulizipata habari kwa dada yake, mteja wangu, aliyekuja kuchukua gauni huku analia. Nesi anaapa majina hayakuwepo, alisema, na hakuna anayemwamini. Mdogo wangu alikaa chini, uso umemsawijika.

Wenzake walimshauri ayarudishe majina kimyakimya, nani atajua? Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia afunge mdomo. Niliogopa polisi.

"Dada," alinijibu, "yule mama anafukuzwa kwa kosa langu."

Akaandika tangazo kwa zahanati zote: tarehe, alichobadilisha, picha ya ukurasa wa zamani na wa sasa, na kwamba hakumwambia mtu. Chini akaweka jina lake kamili. Nakala moja alimpelekea mganga mkuu mkononi, na Jumatatu nesi akarudi kazini.

Kisha akaenda kwa mjane wa yule dereva. Nilimsindikiza. Alimweleza yote bila kujitetea. Nikajua sasa tunatimuliwa. Badala yake mama wa watu akauliza kama zahanati nyingine zimeambiwa. Zote, mdogo wangu akasema, na tayari zinawapigia simu walioacha dawa.

Mjane akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilijua ameziacha dawa," alisema. "Lakini mimi alikuwa hanisikii, alikuwa anamsikia nesi. Kila simu ilipolia, nilimpa apokee yeye, nikitumaini ni nesi."