Jumapili Niliyoitwa Mwizi wa Domino

Watu wengi wakiitwa mwizi hadharani hulia. Mimi niliitwa mwizi Jumapili moja, jua likiwaka, nikacheka mpaka nikapaliwa.

Ngojeni niwaeleze.

Naitwa Belkis. Sioni, sisikii. Homa ya uti wa mgongo ilinikuta nina miaka saba, hapa hapa mjini kwetu Baní, Jamhuri ya Dominika, ikaondoka na vyote viwili. Sauti ikaniachia, ila nyumbani walinizoesha kunyamaza, eti napayuka.

Miaka mingi nilikuwa mtu wa kiti cha bembea tu. Nalishwa, nafutwa mdomo, naombewa. Paka wetu alisemeshwa kuliko mimi.

Halafu binamu yangu Yocasta akarudi kutoka mafunzoni Santo Domingo. Akanishika mkono, akachora herufi kiganjani. Herufi nilizojifunza shule kabla ya homa! Zilikuwa zimo kichwani muda wote, hakuna aliyewaza kuzitafuta.

Aliandika jina langu. Nililia kama mtoto, kisha nikamwambia, "Nipe habari. Zote!"

Mjomba Radhamés, mwenye duka, naye akaniingiza kwenye domino. Kete zina vitundu, kidole kinasoma. Nikawa mwenzake mezani, mbele ya duka lake, kila Jumapili, Yocasta nyuma yangu akiniandikia maneno ya watu. Nilimkataza kuchuja. Matusi nayataka yote.

Sasa, domino tunacheza wawili kwa wawili, na mwiko mkubwa ni kumdokezea mwenzako. Siku hiyo tulimfunga Wilfrido, bingwa wa mtaa, mpaka akasimama.

"Radhamés, mpwa wako mwizi! Huyo Yocasta anachungulia kete zetu, anamwandikia!"

"Umefungwa na kipofu, kaka. Meza mate, yaishe."

"Hayaishi! Yocasta atoke, tucheze raundi moja. Mkishindwa, Belkis arudi kwenye bembea yake, asikanyage tena hapa!"

Yocasta aliniandikia hayo kwa hasira. Ndipo nilipocheka. Kuniita mwizi maana yake ameamini nina akili ya kuiba!

Ila ile bembea iliniogopesha kwelikweli. Ukiacha Yocasta na mjomba, watu walinikumbuka kwenye meza ile tu.

Nikapayuka, tena kwa makusudi: "Yocasta, kakae ng'ambo ya barabara. Gaweni kete!"

Kwetu kete haiwekwi, inapigwa mezani kwa kishindo. Kila kishindo nilikipata mikononi, kisha nikapapasa iliyochezwa. Mwanzoni nilipata tabu, maana spika la duka lilikuwa likitikisa kila kitu kwa muziki wa bachata.

Umeme ukakatika.

Spika likafa. Meza ikatulia chini ya viganja vyangu.

Halafu: tu, tu, tu. Mguuni mwa meza, upande wa Wilfrido. Mwenzake, Nelson, akapiga kete. Nikapapasa. Tatu.

Baadaye mguu ukagonga mara tano. Nelson akaleta tano.

Mungu wangu! Wiki zote hizo nilidhani ni muziki.

Basi kila Wilfrido alipoagiza, mimi nikaziba. Akiomba tano, nafunika tano. Wakakosa kete ya kuweka, wakapita, wakapita tena. Mjomba akabamiza kete ya mwisho mpaka meza ikaruka.

Nikasimama. "Wilfrido, kiatu chako kinaropoka! Ukigonga tatu, Nelson analeta tatu. Ukigonga tano, analeta tano. Waulizeni, leo mwizi nani?"

Sijui nani alisema nini. Ninachojua, meza ilianza kutetemeka, kwa sababu mjomba alikuwa ameilalia kwa kicheko. Yocasta akaja mbio, akaniandikia: "Nelson amekimbia. Kofia ameiacha."

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye kiti changu mezani. Mkono mgeni ukakishika kiganja changu, mzito, una jasho. Haukujua kuandika vizuri, herufi moja ilirudiwa mara mbili.

MWIIZI.

Wilfrido! Miaka yote ya ujirani wetu, hakuwahi kuniambia neno bila kulipitisha kwa mtu.

Nikakishika kiganja chake, nikamwandikia: "Kaa chini. Nakufunga tena."

Akakaa.

Jamani, kama nyumbani mna mtu kama mimi, acheni hizo huruma. Mshikeni mkono, mwambieni kitu. Hata mkimtukana, atawajibu.