Mitoko ya Bi Mitoko

Katika chumba cha kupigia pasi cha hoteli ile, watu watatu walikuwa hawagusi chakula cha mchana mpaka fumbo la maneno la gazeti liishe. Gazeti lenyewe lilikuwa la jana, limeokotwa vyumbani kwa wageni, na mara nyingine mgeni alikuwa ameshalianza kwa kalamu na kulivuruga, wakaanza kwanza kwa kumsema. Mmoja wao alikuwa Mzee wa Pasi, aliyefiwa na mkewe. Wa pili ni Dada Mapokezi, aliyepokea nguo chafu dirishani na ndiye pekee mwenye mwandiko unaosomeka. Wa tatu ndiye huyu wetu, fundi cherehani wa kuziba mashuka, ambaye hoteli nzima ilimwita Bi Mitoko.

Mzee wa Pasi alikuwa ameweka sheria yake: jibu haliandikwi mpaka aliyelitoa aseme amekutana nalo wapi. Ukimtaja mwimbaji, useme wimbo wake uliusikia ukiwa wapi na siku hizo ulikuwa unampenda nani. Ndiyo maana walijuana nje ndani. Mzee wa Pasi mwenyewe alishalia mbele yao kwa sababu ya neno tarumbeta, na Dada Mapokezi, kwa swali la mpira tu, alijikuta akimtaja mwanamume ambaye mumewe hajawahi kumsikia.

Bi Mitoko aliachiwa filamu, tamthilia na wanamuziki, na hakuwa anakosea. Na hadithi zake sasa! Kacheza dansi mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Kapanga foleni ya onyesho mvua ikimnyeshea, na hakujuta. Dada Mapokezi alimsikiliza akiona wivu wa wazi kabisa.

Chuku tupu. Bi Mitoko hakuwa anatoka kwenda popote. Akimaliza kazi alipitia sokoni, kisha nyumbani kwa baba yake, aliyepigwa na kiharusi na huu ulikuwa mwaka wa sita. Shangazi aliyeshinda na mgonjwa alimsubiri mlangoni mtandio uko kichwani tayari, akamkabidhi ndugu yake kama askari anayekabidhi lindo. Kaka zake walikuwa na wake, watoto na udhuru, basi walipiga simu. Yeye hakuolewa, kwa hiyo ukoo ulimhesabu kuwa hana cha kuacha. Elimu yake yote aliipatia hapo kando ya kitanda, televisheni mbele, rimoti mkononi mwa baba. Alimpenda baba yake, tusimsingizie. Lakini kuna jioni, wimbo wa kufungulia tamthilia ukianza tu, alitamani kupiga ukelele, halafu akainuka kwenda kubadilisha shuka.

Siku hiyo fumbo liliuliza kazi ya pacha mkubwa katika filamu ya mapacha waliogombea nyumba, herufi sita. Bi Mitoko akajibu bila kuinua macho kwenye cherehani: rubani. Ameionea wapi? Sinema ya karibu na stesheni, mwezi uliopita, na rafiki yake, safu ya nyuma kabisa.

Mzee wa Pasi akasimamisha pasi yake.

"Ile sinema ilifungwa zamani, mwanangu," akasema polepole. "Siku ya mwisho nilikwenda na marehemu. Sasa wanauza vigae pale."

Hakusema kwa ubaya, na angeweza kutajiwa sinema nyingine yakaisha. Lakini Bi Mitoko alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa siku ile.

"Naangalia na baba," akasema. "Zote hizo naangalia na baba. Miaka sita sijatoka, mzee wangu. Nikitoka hapa ni kule, nikitoka kule ni hapa."

Hakuna aliyecheka. Dada Mapokezi akaandika rubani, na herufi zikaenea. Mzee wa Pasi akasema Jumamosi alasiri atakwenda kukaa na mgonjwa. Alimuuguza mkewe kwa mikono yake mwenyewe, kumgeuza mtu anajua. Bi Mitoko atoke, hata kama ni kuzurura tu.

Jumamosi Bi Mitoko alivaa gauni alilojishonea ambalo halijawahi kuona jua. Baba yake alimtazama juu mpaka chini, akauliza kama anaachwa na mtu wa nje, kisha akageukia ukutani. Bi Mitoko alimwonyesha Mzee wa Pasi dawa zilipo, akamsisitizia amlishe supu kidogo kidogo, maana mkono wa kulia hauna uhai na wa kushoto unamudu kubonyeza rimoti tu, kijiko hauwezi kukishika.

Alifika barabara kuu akagundua kwamba hajui aende wapi. Mwishowe akaingia mgahawani, akaagiza soda. Redio ilipiga wimbo ambao nyumbani baba huukatia katikati kwa rimoti. Safari hii aliusikia mpaka mwisho. Machozi yakamtoka, akajifanya amepaliwa na soda. Ndipo akamkumbuka mgonjwa anavyopaliwa, akaiacha chupa ina nusu na kurudi mbio.

Alipokaribia dirisha alisikia baba yake anacheka. Televisheni ilikuwa imezimwa. Gazeti lilikuwa limetandazwa kitandani, Mzee wa Pasi anasoma maswali, na baba anasimulia wimbo aliocheza na mama yake Bi Mitoko kabla hawajaoana. Alisimulia huku anakunywa supu. Kijiko kilikuwa katika mkono wake wa kushoto, kinakwenda kwenye bakuli na kurudi kinywani bila kumwaga tone, na mgeni, macho yako gazetini, wala hakuona la ajabu.

Bi Mitoko akasukuma mlango. Kicheko kikakatika. Baba akamtazama, akakilaza kijiko pembeni ya bakuli, akauteremsha mkono juu ya shuka, akafungua kinywa na kungoja.

Maneno alikuwa nayo, ya miaka yote sita. Lakini macho ya baba yake yalikuwa yamejaa woga, woga wa mtu anayeliona lile gauni na kujua maana yake. Mzee wa Pasi aliinamia gazeti kama aliyepoteza mstari.

Bi Mitoko akatundika pochi, akavuta kiti, akakichukua kijiko.