Mfungo wa Mvua na Silinda Mbili

Jikoni kwa mama yangu kule Nunguni kulinuka mayai viza, na jambo hilo lilimwuma kuliko ukame. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Wageni wake wa maombi walikunywa chai haraka huku wakisifu ng'ombe, kwa maana gesi iliyoipika chai hiyo ilitoka kwenye shimo la samadi nyuma ya zizi, na harufu yake haikumwogopa Mungu wala mchungaji.

Mimi nilikuwa nikisomea mambo ya gesi Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwalimu wangu alikuwa ametengeneza silinda ya plastiki, nene kama paja la mtu mzima, na ndani yake mirija myembamba kama nyuzi za katani. Ukuta wa kila mrija ulikuwa utando. Usifikirie kichujio cha chai. Kichujio hukamata majani, mambo yakaisha. Utando haukamati kitu, unachelewesha tu. Gesi ya uvundo hupenya upesi ikatokea nje, ile inayowaka hupenya polepole, kwa hiyo inayofika jikoni ni hiyo ya pili, karibu peke yake. Kazi yangu ilikuwa kuipa kompyuta hesabu za mwendo huo, itwambie nini kitapenya na kwa kasi gani.

Silinda mbili zilifungwa. Moja kwa mama, nyingine kwa mdogo wake kule Kasikeu, mama mdogo aliyenilisha na kunifulia nilipokuwa nikisoma shule ya huko. Harufu ikaisha. Mama akaanza kualika hata watu wa dhehebu lingine. Mama mdogo alinitumia salamu kwamba sasa anaweza kupika mlango ukiwa umefungwa.

Kitu kimoja kilinikera tangu mwanzo. Programu yetu ilichukulia kwamba gesi haisimami kamwe. Nilimwuliza mwalimu itakuwaje jiko lisipowashwa kwa siku kadhaa. Alicheka.

"Kwa nini lisiwashwe? Watu hula kila siku."

Hakuwa amewahi kuishi Ukambani mwaka ambao mvua imekataa. Na mwaka huo ilikataa. Jumamosi moja mtu wa kwetu aliyekuja Nairobi aliniambia kwamba makanisa, kuanzia milimani mpaka Kasikeu, yamo kwenye mfungo wa mvua tangu Alhamisi, na yatafungua Jumapili baada ya ibada. Katika ukoo wa mama, kufunga ni kufunga. Hakuna moto unaowashwa nyumbani, na kiberiti hupelekwa kwa jirani ili mtu asijaribiwe.

Nilirudi kwenye kompyuta, nikaiamuru gesi isimame. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani, na zilifikiri polepole kama karani wa serikali. Jumapili asubuhi ikanijibu. Mlango unaomtoa mtu nje humwingiza pia. Gesi ikisimama, hewa hupenya utando kurudi ndani, kidogo kidogo, mpaka silinda inajaa gesi na hewa pamoja. Gesi tupu huwakia pale juu ya jiko tu. Iliyochanganyika na hewa huukaribisha moto urudi ndani ya mpira unaoleta gesi jikoni mpaka kwenye silinda, na silinda zetu zilikuwa ukutani, usawa wa kifua cha mpishi. Nilitazama zile namba za kijani nikaona mikono ya mama ikiwasha kiberiti.

Simu hazikuwepo katika nyumba hizo. Nilipanda basi la Mombasa. Nje nchi ilikuwa nyeupe kwa ukavu, na ng'ombe walisimama kando ya barabara bila kula chochote. Kwenye njia panda, barabara moja hupanda milimani kwa mama; basi lenyewe lingenipeleka karibu na Kasikeu. Ilikuwa inakaribia saa sita. Utingo aliniuliza nashuka au sishuki. Mshika mbili moja humponyoka. Nilimchagua mama, nikashuka. Sijawahi kusema nilikosea, na sitasema leo.

Lori la kabichi lilinipandisha. Nilimkuta mama ameketi na wenzake kwenye ukumbi wa nyumba, midomo mikavu, Biblia magotini. Niliwapita bila salamu, nikaingia jikoni, nikachomoa mpira na kuutoa dirishani. Jiko lilikuwa baridi. Nilipomweleza mama huku nikihema, alinisikiliza mpaka mwisho kwa utulivu ulioniudhi.

"Sisi hatujafungua," akasema. "Pastor ameongeza siku moja, mpaka kesho."

"Na Kasikeu?"

Aliinuka, akatazama jua.

"Kasikeu hawakuongeza. Hao wamefungua saa sita."

Tulitafuta gari soko zima tusipate. Mama alikaa upande wa ukuta unaotazama chini, kule nyanda za Kasikeu zinakoanza, na akina mama wenzake wakaanza kuomba tena, safari hii si kwa ajili ya mvua. Jioni mawingu yalikusanyika, ikanyesha. Wengine walishukuru kwa sauti. Mama hakufungua mdomo, wala kwa uji. Habari ilitufikia asubuhi, na mtu aliyeileta alikuwa na matope mpaka magotini.

Mama mdogo yuko hai. Silinda ya mama iliondolewa. Ile ya kwake hakukubaki cha kuondoa. Kwetu mtu anayekanda unga hakupi kiganja umsalimie, hukupa kifundo cha mkono, mkacheka, yakaisha. Mama mdogo hunisalimia hivyo siku zote, hata kama hajagusa unga, kwa sababu vidole vyake havikunyooka tena. Hunyoosha kifundo, ananiuliza kama nimekula, nami hukishika.