Mkono Mzima, Miguu Hoi: Mdakaji wa Timu ya Mikasi

Taa za barabarani hazijazimwa bado, na Bienvenida Severino yuko katikati ya ngazi za uwanja, gunia dogo la mchele begani, akipanda taratibu huku akihema.

"Bienve, leo tena?" anampigia kelele Don Fello, mlinzi wa uwanja, akikoroga kahawa yake. "Hizi ngazi zimekukosea nini?"

"Hazijanikosea kitu, mzee wangu. Miguu ndiyo imenikosea."

Anafika juu, anashuka, anatua gunia, anachuchumaa, anaruka. Kisha anakaa chini na kujikanda magoti, macho ameyafumba. Mwandishi alijaribu kupanda naye, na habari ya jaribio hilo tuiache hapo. Jua halijatoka na mama huyu amechoka tayari, wakati kazi yenyewe haijaanza.

Kazi yenyewe ni kukata vitambaa katika kiwanda cha mashati hapa San Pedro de Macorís, Jamhuri ya Dominika. Anasimama mezani asubuhi hadi jioni, maana viti ni vya watu wa ofisini. Ana miaka arobaini na mmoja, watoto wawili, mume anayebeba abiria kwa pikipiki, na mshahara unaoishia kwenye ndizi, gesi na viatu vya shule. Jumapili ni mdakaji wa Mikasi, timu ya wanawake wa idara ya ukataji katika softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kutoka kituo hadi kituo.

Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima. Mpinzani aliyeko kituo cha kwanza akichomoka kwenda kuiba cha pili, mdakaji ndiye anayepaswa kuinuka na kuutupa mpira uvuke uwanja, umtangulie mwizi. Akichelewa, kimeibwa.

"Kazini naamrishwa, nyumbani naombwa," anasema. "Pale nyuma ya mpigaji naamrisha mimi. Wote wanane wananitazama mimi niseme."

Nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimponyoka. Mwezi wa tatu walicheza na Zipu, timu ya kiwanda cha jirani, na wale wanawake walimwibia vituo mmoja baada ya mwingine, wakipita kama wanaokwenda sokoni. Mashabiki wa mji huu hawana huruma hata chembe. "Mkono umekufa huo!" walipiga kelele. "Uzikeni, utanuka!"

Hapa kwetu mpira usipofika, mshtakiwa ni mkono. Mtoto akizaliwa, shangazi anamshika mkono kwanza, aone kama ni wa kurusha. Basi mkono wa Bienvenida ukaanza kuuguzwa. Mama mkwe wake, Doña Tatica, aliukanda kwa mafuta ya mentoli kutwa mara mbili. Ukavalishwa soksi usipigwe na upepo wa feni. Ukakatazwa hata kufua.

"Nilinuka kama duka la dawa," anasema. "Mume wangu alihamia kwenye kochi. Na mpira bado haukufika."

Aliyefumbua fumbo ni ndoo. Siku moja mazoezini, akiwa hoi baada ya zamu, aliigeuza ndoo ya mipira, akaikalia, akawa anadaka ameketi. Kwa mzaha tu, bila kuinuka, akautupa mpira kituo cha pili. Ulidunda mara moja, ukafika.

Kocha wao, Chago Peguero, ambaye siku za kazi huchomelea mageti, alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Hebu inuka, utupe kama kwenye mechi."

Akainuka, akatupa. Mpira ukadunda pale pale.

"Bienve, ukikaa unatupa vile vile kama ukisimama," Chago akasema. "Sasa hiyo miguu unaibeba ya nini? Mkono wako mzima kabisa. Miguu ndiyo haiko kazini."

Alikasirika, na anakiri hivyo. "Mimi? Mimi ninayesimama kutwa nzima, unaniambia habari za miguu?"

"Kusimama kunauchosha mguu, hakuujengi. Nguvu ya mpira inatoka chini, inapita kiunoni, mkono unamalizia tu. Wako unahangaika peke yake kama mjane."

Akampa muda hadi nusu fainali. Mpira ukiendelea kugoma, Franyelis Mota angedaka, naye Bienvenida angekaa benchi. Franyelis ni binti anayelinda kituo cha pili, na kiwandani meza zao zimepakana. Mchana wanagawana wali na maharage kutoka bakuli moja. "Hilo ndilo lililoniuma," anasema Bienvenida. "Hata adui wa kumchukia sikuwa naye."

Mwanzoni alijaribu kufanya mazoezi jioni, baada ya kazi. Magoti yalivimba, na siku moja mapaja yalimkatalia katikati ya ngazi akateleza hadi chini. Ndipo akahamia alfajiri, miguu ikiwa bado na chochote cha kutoa. Sasa analala majirani wakiwa bado wanagonga domino barazani. Mchana anainua miguu juu ya marobota ya vitambaa ili ipumzike, na wenzake wanapata la kusema.

"Jamani, malkia asisumbuliwe! Mleteeni na feni!"

Anacheka anaposimulia, lakini kicheko hakidumu. "Kuna asubuhi nililia ngazini. Sikuwa na maumivu, nilikuwa nimechoka tu. Nilijiuliza, mwili wenyewe huu mmoja, wanaoutaka ni wangapi?"

Nusu fainali iliwakutanisha na Zipu tena. Mchezo ulipokaribia kwisha, Mikasi walikuwa mbele kwa pointi moja, na kwenye kituo cha kwanza alisimama Yajaira, mwizi hodari wa Zipu, ambaye mji mzima unamwita Sungura.

"Bibi, wewe kaa tu!" Sungura akapaza sauti. "Usijiumize magoti bure!"

Uwanja ukaangua kicheko. Kisha Sungura akachomoka.

Bienvenida akainuka, na safari hii aliinuka mwili mzima. Mguu wa nyuma ulisukuma ardhi, nyonga ikazunguka, mkono ukafuata. Mpira ulivuka uwanja bila kudunda, ukatua kwenye glavu ya Franyelis, na Sungura akaguswa akiwa bado anateleza vumbini. Mwamuzi akampungia mkono atoke, mchezo ukaishia hapo, na Mikasi wakaingia fainali. Doña Tatica, jukwaani, alitangaza kwa kila mwenye masikio kwamba mentoli imejibu.

Wenzake wakikumbatiana, Bienvenida alikaa benchi, mapaja yakimtetemeka, hawezi hata kuinama kufungua vikinga vya miguu. Franyelis alipiga magoti akamfungulia.

"Dada, fainali daka wewe. Mimi sitaki hata kusikia."

"Utaitaka tu nafasi hii. Basi anza na miguu sasa, usingoje waje wakuzikie mkono."

Fainali ni Jumapili ijayo. Wiki hii yeye na wenzake wa idara ya ukataji wameomba viti virefu vya kukalia mezani. Msimamizi wao ameshajibu kwamba atafikiria, na hakuna anayelitilia maanani jibu hilo. Bienvenida anasema ataomba tena, na akikataliwa ataomba tena.

Kuhusu softiboli, anataka msimu mmoja zaidi, miwili Mungu akijalia.

"Najua nitaacha," anasema, akimshika bega mumewe, aliyekuja kumchukua kwa pikipiki, ili aweze kusimama. "Ila siku nikiacha, iwe ni mpira ulionichosha. Kiwanda kimeshanichukulia mengi. Hili hapana."