Sasa Anawajua Wenye Sanamu

Saa mbili na nusu asubuhi, Bu Ngatinem anakaa mkekani kwenye baraza la karakana, anakunja miguu na kuchukua sanamu ya kwanza ya siku. Ni ya mti mweupe mwepesi, urefu wake kiganja na nusu, na bado haina macho. Anachovya brashi kwenye rangi ya samawati. Kabla brashi haijagusa mti, midomo yake inacheza kidogo.

"Keshaanza," anasema Bu Rubiyah, jirani yake wa miaka mingi, bila kuinua kichwa. "Mwenzetu mpaka apige hodi. Sanamu ishirini, hodi ishirini. Sisi tutakuwa tumeshakula mchana, yeye bado yuko mlangoni."

Wanawake wanacheka. Ngatinem naye anacheka, huku akipaka jicho la kwanza.

"Nawaomba radhi tu," anamwambia mwandishi wa makala hii. "Zamani nilikuwa siombi, nilidhani ni vipande vya mti. Ukishamjua mtu, huwezi kumpaka uso kama unayepaka ukuta."

Ngatinem ana miaka arobaini na saba. Amezaliwa Kedungasat, kitongoji cha watu wachache katika vilima vya chokaa vya Gunungkidul, kisiwani Java nchini Indonesia, na hajawahi kuhama. Huko Bu ni mama, Pak ni baba, na Mbah ni bibi au babu. Mumewe, Pak Wagimin, yuko kwenye mashamba ya michikichi huko Kalimantan, mwaka wa saba sasa. Binti yao wa pekee, Pujiasih, anashona mashati kiwandani Semarang na hurudi siku za Idi tu. Nyumbani amebaki Ngatinem na mama yake, Mbah Karti, mwenye miaka sabini na minane na ulimi usiozeeka.

Kedungasat hakuna mto. Mvua ikikatika, tangi la nyuma ya nyumba hushuka hadi unaliona tope, na hapo hununuliwa maji ya lori. Mwaka jana lori moja lilikuwa rupia laki moja na sabini elfu. Kwa kila sanamu Ngatinem hulipwa elfu mbili na mia tano. Akifanya kazi bila kunyanyua shingo humaliza ishirini kwa siku.

"Piga hesabu wewe uliyesoma," anasema. "Mimi nikipiga nakosa usingizi."

Kwa miaka kumi na miwili alipaka sanamu hizo bila kuuliza ni za nani. Wanaume walichonga nyuma ya karakana, wanawake walipaka mbele. Mifano ilikuja kwa picha kutoka kwa mnunuzi wa Marekani: huyu ana pembe, huyu ana manyoya, huyu kinywa chake cha mraba. Wanawake waliziita "wageni" na kuzipa majina ya utani ya watu wa kitongoji. Moja yenye macho yaliyotokeza waliiita Pak Darsuki, jina la mwenye karakana, naye hakuwahi kujua.

Oktoba mwaka jana mwenye sanamu alikuja.

Chuo kikuu kimoja cha Yogyakarta kilikuwa kimewaalika wakulima wa nchi kavu kutoka sehemu mbalimbali za dunia, waje waone namna watu wa Gunungkidul wanavyopanda mahindi katikati ya mawe. Miongoni mwao alikuwamo Clement Nuvayestewa, mzee wa miaka sitini na minne, Mhopi, mmoja wa wenyeji asilia wa Marekani, kutoka kijiji kilicho juu ya mlima bapa kaskazini mwa Arizona. Walikuwa wanatoka shambani, wanapita mbele ya karakana kurudi kwenye gari. Barazani zilikuwa zimeanikwa sanamu zaidi ya mia moja, rangi ikikauka.

"Wenzake walipita, yeye akasimama," anakumbuka Ngatinem. "Akasimama kama mtu aliyemwona ndugu yake yuko mahabusu."

Pak Darsuki alidhani ni mnunuzi. Akatoka mbio na kahawa mkononi. "Karibu, mister! Bei rahisi! Ukichukua mia tano tunapunguza!"

Mzee hakuigusa kahawa. Alipiga magoti pale mkekani, akazitazama moja baada ya nyingine. Kisha akauliza, kupitia kwa Wening, mwanafunzi aliyekuwa akiwatafsiria wageni: "Nani amewafundisha hawa?"

"Picha, Pak," alijibu Ngatinem. "Tumefundishwa na picha."

Akauliza bei. Darsuki akasema karakana inauza elfu sitini kwa moja. Wening akaigeuza kuwa dola, haikufika nne. Mzee akaeleza kuwa yeye naye ni mchongaji. Sanamu moja humchukua wiki mbili, na zamani alikuwa akiuza kwa dola mia nne katika duka la mjini, saa mbili za safari kutoka kwao. Miaka mitano iliyopita mwenye duka alimwonyesha kabati limejaa sanamu za dola arobaini, akamwambia asilete tena.

"Akasema, 'Nilidhani zinatengenezwa na mashine,'" anasimulia Ngatinem. "Basi nikanyoosha mikono yangu yote miwili, rangi mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia Wening, mwambie mashine ndiyo hii."

Mzee aliitazama ile mikono. Ngatinem anasema alitegemea matusi, na angeyapokea. Hayakuja.

Badala yake alikaa mkekani akaanza kuwaeleza. Kwao, alisema, sanamu hizi hawapewi watalii kwanza. Hupewa watoto wa kike, ili wawajue wale wanaoitwa katsina, roho wanaokuja kijijini kila mwaka na kuleta mvua. Kila moja ina jina lake na siku yake.

Ngatinem hakuweza kujizuia. "Nikamwambia Wening, muulize huyu mzee: hao waletao mvua tumekaa nao hapa miaka kumi na miwili, mbona tangi langu kavu?"

Wening aliona aibu kutafsiri. Alipotafsiri, mzee akacheka kwa mara ya kwanza, akafuta macho.

"Labda," akasema, "ni kwa sababu hakuna aliyewaita kwa majina yao."

Siku hiyo gari la chuo liliondoka bila yeye. Alibaki na Wening, akala mchana kwa Ngatinem: tiwul ya unga wa muhogo, tempe ya soya ya kukaanga na pilipili ya kusaga. Mbah Karti alimkagua kuanzia nywele hadi viatu, na viatu vilikuwa vimebandikwa soli kwa gundi.

"Huyu ni Mmarekani wa wapi?" alimuuliza binti yake kwa sauti ambayo jirani alisikia. "Mbona hana hela?"

Wening akatafsiri na hilo. Mzee akajibu kwamba wengi huko kwao hawana. Tangu mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa, kazi za mshahara zimekuwa za kugombania. Nyumba ya marehemu mama yake haina bomba. Maji anayabeba kwa mapipa kwenye gari lake la mizigo, safari mbili kwa wiki. Anapanda mahindi ya buluu katika mchanga, anazika punje shimoni kina cha mkono, ziufuate unyevu ulioko chini. Wanawe wawili wako Phoenix, na mjukuu wake hajui lugha ya babu.

"Kumbe ni sisi kabisa," anasema Ngatinem. "Wao wana gari, sisi hatuna. Sisi tuna mvua ya miezi mitano, wao hata hiyo hawana. Lakini yale mengine ni yale yale. Mtoto mjini, maji kwenye magurudumu, mahindi mafupi. Halafu riziki yake imekuja kuwa riziki yangu, na wote wawili hatujashiba."

Ngatinem alimwuliza mzee kama anamchukia. Mzee alisema alipokuwa nyumbani aliwachukia sana waliokuwa wakifanya kazi hiyo, lakini kabla hajawaona.

Kabla ya kuondoka mzee alirudi barazani kwenye karakana, Ngatinem na mama yake wakimsindikiza. Palikuwa na sanamu moja aliyokuwa ameifunika kwa kofia yake tangu asubuhi. Akasema hii haifai kuchongwa kwa ajili ya duka, wala kutazamwa na kila mtu, na hakutaka kueleza zaidi. Aliomba jambo moja tu: nyingine kama ni lazima, sawa, lakini hii Ngatinem asiipake tena.

"Nikamwahidi. Nilimshika mkono nikamwahidi, mbele ya mama yangu."

Wiki iliyofuata alikwenda kwa Pak Darsuki na kumwomba aiondoe sanamu ile kwenye oda.

"Bu, oda ina themanini za aina hiyo," Darsuki alimjibu. Si mtu mkali. Hata Ngatinem mwenyewe anakiri hivyo. "Nikiziondoa, mnunuzi anahamia kijiji kingine kesho. Wafanyakazi wako kumi na tisa hapa. Utawalisha wewe?"

"Basi mimi nisiipake. Wape wengine."

"Na wengine wakisema hivyo hivyo?"

Ngatinem alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Wenzake hawakumuaga. Bu Rubiyah hakusema naye kwa karibu mwezi mzima. "Nilimwona anaringa," Rubiyah anakiri leo. "Nilisema, huyu anataka kutufungia kazi kwa ajili ya mzee aliyekula kwake mara moja."

Novemba alianza kugonga mawe kwenye machimbo ya chokaa, kilomita nne kutoka kwao, kwa elfu thelathini na tano kwa siku. Mume alipopata habari alipiga simu kutoka Kalimantan, akamuuliza kama amerogwa. Binti yake alituma hela kidogo na kuomba mama avae miwani ya kukinga macho. Ngatinem hakununua miwani. Januari kipande cha jiwe kiliruka kikampiga jicho la kushoto. Jicho halikupofuka, ila hadi leo mwanga wa mchana hulitoa machozi. Mwezi uliofuata mvua iliporomosha ukuta wa machimbo, na kazi ikasimamishwa.

Machi alirudi karakana. Darsuki hakumsimanga, alimpa aproni ileile. Lakini oda ilikuwa imechelewa, na lundo lililokuwa limesalia bila rangi lilikuwa la sanamu ile moja.

Hapa Ngatinem anaweka brashi chini. Bu Rubiyah naye ameacha kupaka.

"Nilipaka," anasema. "Kumi na nane siku ile. Usipunguze neno, andika hivyo hivyo. Wasomaji wasidhani mimi ni mtu mwema."

"Alikuwa analia," anaingilia Rubiyah. "Machozi yanadondokea rangi. Nikamwambia, wewe, utaharibu kazi."

"Ilikuwa jicho."

"Haya, jicho. Na la kulia nalo lilipigwa jiwe?"

Ngatinem anachovya brashi tena.

Mwandishi wa makala hii alimpata Mzee Clement kwa simu mwezi uliopita, kwa msaada wa Wening. Huko kwao ilikuwa asubuhi na upepo ulisikika. Alisema hachongi tena kwa ajili ya kuuza. Anachonga sanamu chache kwa ajili ya watoto wa ukoo, na hela ya chumvi na petroli anaipata kwa kuuza kuni. Katika duka la mjini kabati bado limejaa.

Aliposikia kwamba Ngatinem ameumia jicho machimboni, amerudi kazini na ameipaka ile sanamu, alikwenda kwanza kufunga mlango uliokuwa ukipigwa na upepo.

"Imeniuma," alisema aliporudi kwenye simu. "Nisiseme uongo. Lakini mwambieni sijamkasirikia yeye. Mwambieni aangalie hilo jicho."

Ujumbe huo ulipofikishwa nyumbani kwake, Ngatinem aliomba urudiwe. Kisha akaingia ndani kumpelekea Mbah Karti chai, na hakutoka kwa muda.

Sasa kuna mpango, ingawa ni mdogo na unaweza kuvunjika. Wanawake watano wa karakana, Bu Rubiyah akiwamo, hukutana Ijumaa alasiri nyumbani kwa Ngatinem. Wameanza kupaka vinyago vya kuvaa usoni vya ngoma za Kijawa, vile ambavyo bibi zao walivijua kwa majina. Kikundi kimoja cha wachezaji wa Wonosari kimeagiza sita vya kujaribia. Kuchonga wanamtegemea shemeji yake Rubiyah, ambaye ana patasi mbili na hana msumeno. Wanataka kununua msumeno baada ya mavuno, kama mahindi yatakubali. Mwaka jana hayakukubali.

Pak Darsuki anajua. Amesema wakiweza, atawapongeza. Wasipoweza, mkeka upo.

Wening amempa Ngatinem namba ya simu ya Mzee Clement, ameiandika kwa kalamu nene kwenye kalenda ya ukutani. Mwandishi alipojitolea kumpigia palepale, Ngatinem aliitazama namba ile, akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Nikimpigia leo nitamwambia nini? Kwamba nimepaka wangapi? Acha nitoke kwanza pale mkekani. Siku hiyo nitampigia mwenyewe, hata kama huko kwao watu wamelala. Nitamwambia, Pak Clement, leo nimepaka uso wa kwetu."