Mkono wa Bi Twaiba

Swabir wa kitalu cha maua pale Ukunda alikuwa na ulimi mtamu, wallahi, angekuuzia hata mche uliokwishakata roho. Miche yake ilinawiri ukiitazama. Siri yake? Aliilea chini ya wavu mweusi, jua isilijue, akaishindilia mbolea mpaka ikachanua ingali michanga. Ukiitoa hapo ukaipanda kwenye jua letu la pwani, siku ya tatu imelala chini. Na alilijua hilo! Ilitaka wiki nzima ya kuzoeshwa jua kidogo kidogo, lakini wiki hiyo maua ya kwanza hupukutika, na nani atanunua mche mtupu? Basi akanyamaza.

Bi Twaiba, mjane mkulima wa mpunga huko Msambweni, alitaka maua mbele ya nyumba yake, akanunua kwa Swabir. Yalipokufa alirudi kuuliza kakosea wapi. Akauziwa mengine, yakafa. Mara ya tatu alikuja amenyong'onyea.

"Mwanangu, au ni mkono wangu? Niambie kweli."

Swabir, Mungu amsamehe, akajitia hamnazo. "Kuna mikono haipatani na miche, bibi. Ni majaliwa tu." Akamfungia mingine sita.

Masika yalipokwisha Swabir alipeleka maua kwenye arusi huko Msambweni, akapita kumwamkia Bi Twaiba. Alimkuta barazani, na mjukuu wake Mwanarusi yuko uani anapandikiza pilipili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mwanarusi alimnyooshea bibi yake mche amshikie kidogo. Bi Twaiba akaificha mikono ndani ya leso. "Usinipe mimi, nitauua."

Loo! Swabir alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwanamke mzima, aliyelima umri wake wote, anaogopa kushika kijimche cha pilipili!

"Bibi, mkono wako hauna neno," alisema, macho chini. "Miche yangu ndiyo iliyokuwa mibovu. Haikuzoeshwa jua. Ilitakiwa itolewe kivulini kitambo kidogo, kesho yake zaidi, hata wiki iishe. Kisha ipandwe jioni, kimfuko cha mizizi kitolewe, imwagiliwe shinani kwa maji yasiyo na chumvi. Nilijua. Sikukwambia, niliogopa kukosa wanunuzi."

Mwanarusi aliacha kupanda.

"Marehemu mume wangu aliniachia mbegu ya mpunga," Bi Twaiba alisema, sauti ile ile ya upole. "Kila mwaka tukiipanda, tukivuna, tukiweka nyingine. Masika haya niliogopa nitaiua bondeni. Nikaona bora tusiipoteze bure. Niliitwanga, mwanangu. Tumeila yote."

Swabir alingoja atukanwe. Alitaka atukanwe, jamani, angalau apate pa kuuweka uso wake. Bi Twaiba akageuka.

"Mwanarusi, mtilie mgeni chai."