Foronya Mbili

Kila chuo kina mtu wake wa kupokea wageni, na pale alikuwa Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote, jamani. Alikuwa binti wa mwaka wa tatu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha bweni zima. Jina alipewa na wadogo zake wa chuo kwa sababu hakuacha kitu kipite bila kukiulizia: umekula? Sabuni unayo? Hilo sanduku mbona halina kufuli? Siku ya kwanza ungemkimbia, siku ya pili ungemtafuta.

Utaratibu wa pale, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikabidhiwa mmoja wa mwaka wa kwanza amlee mpaka azoee. Wengi walifanya ilimradi kufanya, wakaonyesha maktaba kwa kidole, wakaenda zao. Shangazi aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Alijua bomba lipi linatoa maji asubuhi na lipi linakoroma tu. Alijua ndoo isiyofungwa uzi kwenye mpini ina miguu. Alijua pia kwamba anayekaa viti vya nyuma ukumbini husikia mhadhara wa jirani zake, si wa mwalimu.

Na alikuwa na sheria moja: mwezi wa kwanza harudi mtu nyumbani. Hakuitunga kwa ukatili. Alipokuwa mgeni yeye mwenyewe, mwenzake wa chumba alikwenda kwao kupunguza hamu, akaonja usingizi wa nyumbani, hakurudi tena. Kitanda chake kilibaki na godoro limekunjwa mpaka mwaka ukaisha, Shangazi akikitazama kila alipolala. Akaapa kwamba jambo hilo halitamtokea mtu wake.

Sasa wanafunzi wa mwaka wa kwanza nao si watu wa mchezo. Wakiona mlango umefungwa hupitia dirishani, na dirisha lao lilikuwa bibi. Mtu akishaingia chuo tu, bibi yake anaanza kukohoa. Kulikuwa na mmoja aliyemzika bibi yake mara mbili, kisha bibi mwenyewe akatokea getini na mwavuli wake kumwulizia mjukuu. Walezi walicheka mpaka wakashika mbavu, na tangu hapo ugonjwa huo ukawa na jina: bibi wa mwezi wa kwanza.

Mwaka huo Shangazi alikabidhiwa binti waliyemwita Kimya, maana umwulize lolote, jibu lake lilikuwa "ndiyo". Shangazi alimpenda huyo mtoto, hilo lazima lisemwe. Alimbebea godoro, akamfungia uzi mwekundu kwenye ndoo, akasimama naye kwenye foleni ya usajili mpaka jua likawapiga utosini. Taratibu Kimya akaanza kucheka, halafu akaanza kumwita dada bila kuambiwa.

Ndipo Alhamisi moja jioni akamfuata kwenye kamba ya nguo.

"Dada, bibi anaumwa. Naomba niende kesho, nirudi Jumapili."

Shangazi alikuwa anaanika, vibanio mkononi. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeona mgeni wake amefika mahali ambapo wote hufika.

"Bibi wa nani haumwi mwezi huu?"

Akamweleza kwamba Jumatatu kuna jaribio la kwanza, kwamba safari ni ndefu, kwamba anayekwenda nyumbani mapema huuacha moyo huko. Akamsimulia habari ya kile kitanda. Kisha akampapasa begani, akasema kwa upole: "Bibi yako yupo, mdogo wangu. Haendi popote. Fanya jaribio, halafu nitakusindikiza stendi mwenyewe."

Kimya akasema ndiyo.

Yule bingwa wa maswali, aliyeulizia hata kufuli, hakuuliza swali moja tu: kwenu kuna nani mwingine? Angeambiwa hakuna. Angeambiwa kwamba huyo bibi ndiye mama, ndiye baba, ndiye aliyemsomesha mjukuu wake kwa cherehani. Hakuuliza kwa sababu alidhani anajua tayari.

Jumatatu Kimya alifanya jaribio. Alipotoka ukumbini akawasha simu, ikaita papo hapo. Alikuwa jirani yao. Maji yalikuwa yameshamwagika: bibi hakuwapo tena.

Shangazi alimsindikiza stendi kama alivyoahidi, na ahadi hiyo ilimchoma kuliko tusi. Njia nzima alibeba begi, njia nzima akasema pole, pole, mpaka neno lenyewe likachuja. Kimya alipanda basi akakaa dirisha la upande wa pili.

Wenzake wakamwambia Shangazi kuwa huyo ndiyo basi tena, harudi. Alilia mchana kweupe, mbele za watu, bila kujificha. Alifagia chini ya kitanda cha Kimya, akamnakilia mihadhara aliyoikosa, akakataza mtu yeyote asikunje lile godoro. Aliomba kitu kimoja tu, mtoto arudi, naye Shangazi amwangukie miguuni.

Akarudi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na siku hiyo mjukuu mwenyewe alisimama mlangoni, amekonda, mfuko mkononi. Kati ya maneno yote aliyokuwa ameyapanga, Shangazi akabaki na "nisamehe" peke yake. Kimya alikaa kitandani akatoa foronya mbili za kitambaa kimoja, cha maua ya buluu.

"Alikuwa anatushonea," alisema. "Nilimwambia nina dada huku ananitunza. Ile Alhamisi nilipompigia kwamba siji, akaniambia, msikilize dada yako, yeye ndiye anayejua ya huko."

Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo. Akamkabidhi foronya moja. Ilikuwa imekamilika, pindo limenyooka, hakuna uzi uliochomoza. Ile nyingine ilikuwa imeshonwa upande mmoja, upande wa pili umeshikizwa kwa pini tu.

"Alianza na yako. Alisema mimi ni wa nyumbani, yangu inaweza kusubiri."

Shangazi, machozi yakimchuruzika, alinyoosha mkono. Alisema ana sindano, ataimalizia leo leo, amwachie tu. Kimya akaivuta foronya kwake taratibu.

"Usiishone," alisema. "Na nimeomba nibadilishiwe mlezi. Sina hasira nawe, dada. Ila nikikuona, nakumbuka kwamba nilisema ndiyo."

Akaikunja pamoja na pini zake, akaiweka chini ya mto. Kisha akachukua ndoo yake yenye uzi mwekundu akaenda kuteka maji. Hakukosea bomba.